Viraka Saba vya Harusi ya Rukia

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imenikuta nimeshafika mlangoni, kwa hiyo hata kulowa sikulowa. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa, ni weupe mtupu. Umeme hakuna tangu jana. Naandika kwenye simu yenye chaji kidogo, nitayatuma haya kwenye blogu mtandao ukirudi. Mkiona nimekatika katikati, mjue ni betri, si kilio.

Ingawa na kilio kipo.

Leo nimekabidhi blanketi.

Kwa ambaye hajui: kikundi chetu cha wamama wa mtaa, Waislamu na Wakristo pamoja, tumeshona blanketi la viraka kwa ajili ya tombola. Kesho mchana, uwanjani, mwenye tiketi iliyobahatika ataondoka nalo. Kitakachopatikana kitanunua magodoro ya chumba cha wazazi kwenye dispensari ya mtaa, maana yaliyopo yamechoka mpaka mzazi anasikia mbao mgongoni. Mama Rukia, mwenyekiti wetu, ni mtu wa swala tano, akaona bora amuulize shehe kwanza. Akarudi na jibu lake: tiketi za bahati ni kamari, kushona si kamari. Basi tukagawana. Waislamu tushone, Wakristo wauze tiketi. Consolata, anayeuza vitunguu na dagaa sokoni, akasimama mikono kiunoni.

"Kwa hiyo zambi yote mumetuachia sisi? Sawa. Lakini na fanta ya tombola tutakunywa sisi peke yetu."

Tulicheka siku hiyo. Mimi nilicheka kuliko wote, nadhani nilipitiliza kidogo, kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijacheka na watu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mama alete kipande kimoja cha kitambaa kutoka nyumbani kwake. Si cha kununua dukani, la, kilichovaliwa. Na kila kipande kibandikwe kwa pini karatasi ndogo inayosema kitambaa hicho kimetoka wapi, kwa sababu kesho kabla ya kuchagua tiketi karatasi zote zitasomwa kwa sauti. Hilo lilikuwa wazo la Mama Rukia. Alisema watu watanunua zaidi wakijua wanalalia historia ya mtaa mzima. Na kuviunganisha vyote ni kazi yangu, maana fundi ni mimi. Kibanda changu kipo pembeni ya soko la Jabe, cherehani moja, meza moja, pasi ya makaa.

Niseme kweli, maana hapa ndipo mahali pekee ninaposema kweli. Sikukubali kazi hii kwa ajili ya magodoro. Magodoro Mungu atayaleta. Nilikubali kwa sababu nilitaka watu. Tangu Baba Idi afariki, miaka mitatu na ushee sasa, wamama wanakuja kwangu na nguo na wanaondoka na nguo. Wananisalimia vizuri sana. Wananiita dada, wananiuliza habari za Idi mwanangu aliyeko Lubumbashi, kisha wanaangalia saa. Hakuna anayekaa. Nilitaka kujua kama bado mimi ni mmoja wao au nimebaki fundi tu.

Basi Jumatatu nikaletewa mfuko.

Nikafunga kibanda mapema, nikatandika shuka safi mezani, nikaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kusoma karatasi zake. Jamani, ilikuwa raha. Kuna mmoja kaleta kipande cha kanga ya mama yake, imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Kuna mwingine kaleta mfuko wa shati la shule la mtoto wake aliyefaulu. Consolata kaleta kitambaa cha mapazia aliyoyafanya sketi mwaka aliokuwa hana kitu, na kaandika hivyo hivyo bila haya. Mimi changu nilikuwa nimeshakikata, kipande cha kitenge cha bluu alichoninunulia Baba Idi nilipojifungua.

Kipande cha tisa kilikuwa cha kijani chenye miavuli midogo ya njano. Karatasi ikasema: "Kitenge cha harusi ya Rukia. Tulicheza mpaka viatu vikakatika."

Nikasoma tena.

Nikaweka pembeni, nikachukua kingine. Cha kumi na mbili, kijani, miavuli. "Sare ya harusi ya Rukia, siku nzuri kuliko zote." Cha kumi na tano, hivyo hivyo. Kufika mwisho wa mfuko vilikuwa saba. Vipande saba vya kitenge kimoja, kwa watu saba, na kimojawapo ni cha Mama Rukia mwenyewe. Yeye aliandika kwa mwandiko wake ule wa kulala: "Siku niliyomtoa mwanangu, na wenzangu wote walikuwepo."

Wenzangu wote.

Mama Rukia na mimi tumetembea pamoja tangu tukiwa wasichana. Idi na Rukia wamenyonya kwetu sote wawili, hata kuoana hawangeweza, ni ndugu. Na miaka mitatu iliyopita Mama Rukia alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia sasa, akaniambia Rukia ameolewa kimya kimya, ndugu wa karibu tu, upande wa mume hawakutaka makelele. Nikamwambia mashallah, nikamlilia Rukia machozi ya furaha, nikampa shuka mbili ampelekee. Sikuuliza zaidi. Kwa nini niulize?

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kueleza sare ni nini. Ukialikwa harusi, mwenye harusi anachagua kitenge, mnanunua wote, mnashona wote. Aliyevaa ni wa ndani. Asiyevaa ni mpita njia. Na mimi fundi wao, ninayewashonea hadi sidiria, sikuona hata uzi wa kitenge hicho. Nikageuza vipande nikaangalia mishono. Nikautambua mkono. Ni wa fundi wa kule juu Kinanira, mwenye mashine ya kukunja pindo. Walipanda mlima na vitambaa vyao vyote ili mimi nisivione.

Lakini baada ya miaka mitatu mtu anasahau alimficha nani nini. Wakavikata, wakaviandikia, wakavileta kwangu mimi niliyekuwa nafichwa. Watu saba walinyamaza miaka mitatu, katika mtaa ambao ukikohoa alfajiri, saa nne wameshakuletea tangawizi!

Nikakumbuka Jumamosi moja. Ilikuwa baada ya eda yangu kwisha, wiki tatu hivi. Nilikuwa nimekaa miezi minne na siku kumi ndani, na siku ya kutoka nilioga, nikavaa nguo ya rangi, nikakaa barazani kusubiri mtu aje aniambie twende. Akapita muuza maziwa. Basi. Na Jumamosi ile ya wiki ya tatu nilishangaa barabara yetu, avenue nzima, imenyamaza, milango imefungwa, hata watoto hawapo. Nikadhani kuna msiba mahali. Nikaenda dukani kwa Mwarabu nikamuuliza nani amefariki, ili nipike kitu nipeleke. Akaniangalia, akasema hajui. Sasa naelewa alivyoniangalia. Nilirudi nyumbani nikapika maharage ya watu wengi na nikayala peke yangu siku tatu.

Najua mnachotaka kujua, kama niliharibu. Sikuharibu. Lakini si kwamba sikuwaza. Jumanne nilipanga viraka vyote saba mstari mmoja katikati kabisa, miavuli yote pamoja, kila mtu kesho avione na ajiulize. Nikaviunga, nikapiga pasi. Vikawa vibaya. Fundi yeyote anajua kitambaa cha aina moja hakikai pamoja kwenye blanketi la viraka, kinakula vingine. Nikafumua vyote. Kufumua kulichukua muda kuliko kushona, na muda wote huo nilikuwa nagombana na Mama Rukia kwa sauti, peke yangu, mpaka muuza viazi wa jirani akachungulia kuuliza kama nina mgeni.

Jumatano nikavitawanya vizuri, hakuna kinachogusa kingine. Alhamisi nikaweka bitana na blanketi la zamani katikati, nikashikiza tabaka zote tatu kwa mishono ya mkono. Jana nikamaliza pindo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nasema bila aibu. Ila kiraka cha Mama Rukia nimekiweka kona ya miguuni, upande unaochomekwa chini ya godoro. Mungu anisamehe. Nilijisikia vizuri kama dakika kumi hivi.

Leo asubuhi nikalikunja, nikalibeba kichwani hadi kwa Mama Rukia. Mafuta hayapatikani mjini na magari ni machache, lakini kwake ni karibu, avenue mbili tu. Wamama walikuwa wamejaa uani wakimenya ndizi. Tukalitandaza juu ya mkeka. Wakapiga vigelegele, kila mmoja anatafuta chake.

"Ona cha mi, ona cha mi, kimekuwa kizuri kushinda wakati nilikuwa nakivaa," Consolata akasema, kisha akanikumbatia na mikono yake ya utomvu wa ndizi. "Mama Idi, we ni mutu wa ajabu. Mi nitanunua tiketi zote mwenyewe."

Nikasubiri. Nilidhani mmoja wao ataiona miavuli, atahesabu, atanitazama. Apana. Walisema kijani kimependeza. Wakarudi kwenye ndizi zao, na mimi nikapewa kiti na chai, kiti cha mgeni, kile chenye mto. Wengine wote walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka.

Nilikaa na kikombe changu nikiwaangalia migongo. Sijawahi kujisikia peke yangu vile, hata ndani ya eda. Ndani ya eda angalau nilikuwa na sababu.

Baada ya adhuhuri wakatawanyika mmoja mmoja. Nikabaki. Mama Rukia alikuwa anakunja blanketi, na nikamwambia tu, bila kupanga: "Mama Rukia, harusi ya Rukia watu walicheza mpaka viatu vikakatika. Nimesoma."

Akaacha kukunja. Akaliangalia blanketi, akaona mwavuli wa kwanza, wa pili. Nikamwona anahesabu. Uso ukamshuka, sina namna nyingine ya kusema. Akakaa chini pale pale juu ya mkeka.

"Ulikuwa mu eda," akasema.

"Eda ilikuwa imekwisha. Wiki tatu."

"Ndiyo. Ilikuwa imekwisha."

Kisha akaniambia yote, na sitamfanyia hila, nitaandika alivyosema. Bibi wa upande wa mume alikuja na sharti: mjane asiingie chumba cha hina, asiguse nguo za bibi harusi, mjane mbichi ndiyo kabisa. "Nilijua si dini," akasema. "Nilijua, dada. Lakini ni mutoto wangu wa kwanza. Niliogopa. Nikasema mambo ikiharibika kesho, watasema ni sababu ya Mama Idi, na mi nitaanza kukuchukia. Nikaona afazali usijue. Nikawaambia wenzangu wote wanyamaze."

"Na ile ya kusema mlifanya kidogo?"

"Nilikudanganya."

"Na baadaye? Miaka mitatu?"

"Baadaye nilikuwa na haya. Kila nikikuona nakumbuka. Nikaanza kupita njia ingine."

Alilia. Mimi sikulia. Nilitaka, lakini machozi yalikuwa yameisha Jumatatu. Akasema ataziondoa zile karatasi saba, zisisomwe kesho, ataandika kitu kingine. Nikamwambia apana, acha. Zisomwe. Walicheza kweli, viatu vilikatika kweli, sasa waandike nini? Akaniomba kesho nikae karibu naye, mbele. Nikamwambia tutaona. Hilo ndilo neno nililoweza kutoa.

Akanisindikiza. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu kabisa, avenue zote mbili, kitu ambacho hajafanya tangu msiba. Tulipofika akanishika mkono, akauachia, akarudi. Mvua ikaanza.

Nimekaa hapa tangu wakati ule. Nilijua nitakasirika, na nimekasirika. Nilijitengenezea chai ya hasira, sukari tatu. Nilikuwa na haki yangu yote mkononi. Mjane si ukoma! Nilikuwa naliandika hilo hapa kwa herufi kubwa, nikaanza kutafuta maneno makali ya kumwelezea mtu anayemfungia mjane mlango. Na nikiwa natafuta maneno, nikamkumbuka Bi Zubeda.

Sijawahi kumwandika hapa, na sasa naona kwa nini.

Bi Zubeda ndiye aliyenifundisha kushona. Alikuwa jirani yetu, mjane tangu ujana wake, hakuzaa. Nilikuwa naenda kwake baada ya madrasa, ananikalisha mbele ya cherehani yake ya mkono, ananishika vidole. Mdogo wangu alipoolewa, mimi ndiye niliyesimamia chumba cha hina. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimeolewa, najiona mtu mkubwa. Bi Zubeda akaja na bakuli la hina. Alikuwa ameitwanga mwenyewe usiku kucha, ameichanganya na ndimu na karafuu, ilinukia mpaka nje. Amevaa sare. Alikuwa ameinunua na kuishona mwenyewe, hakuna aliyempa.

Shangazi mmoja akaniminya kiuno. Sikuhitaji kuelezwa. Nikaenda mlangoni, nikapokea bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikamwambia: "Asante bibi, Mungu akulipe. Chumba kimejaa."

Akatazama juu ya bega langu. Kila mtu aliyesimama mlangoni pale aliweza kuona ndani. Akasema, "Haya mwanangu, harusi njema." Akaenda kukaa upande wa masufuria, na baadaye sikumwona tena.

Hina yenyewe hatukuipaka. Shangazi aliimwaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na kitambaa changu nishone, akanipokea kama kawaida. Hakusema kitu, na mimi nikashukuru kwamba hakusema, nikachukulia kwamba yamepita. Miaka ishirini na sita nimechukulia kwamba yamepita. Mimi nimebeba miavuli saba kwa siku tano tu na nilikuwa tayari kuchoma mtaa.

Sasa anaishi Gasenyi, pembeni ya mji, chumba kimoja kwenye ua wa watu. Mara ya mwisho nilimwona sikukuu ya Idi, mwaka juzi, nilimpelekea pilau kwenye kibakuli, nikakaa robo saa, nikaangalia saa. Ndiyo, niliangalia saa. Nafikiri nilimwita bibi mara nyingi sana.

Sijamsamehe Mama Rukia. Nataka hilo liwe wazi, nisije nikasoma hapa baadaye nikajidanganya kwamba nilikuwa mtu mwema. Labda nitamsamehe, labda kesho nitakaa pale mbele karibu naye, au labda nitakaa nyuma na Consolata nikinywa fanta ya dhambi. Kiraka chake kitabaki miguuni. Lakini sina tena yale maneno makali. Kila nikiyashika naona bakuli.

Tombola ni saa nane mchana. Nikitoka alfajiri naweza kufika Gasenyi kwa miguu kabla jua halijawa kali, gari likipatikana vizuri, lisipopatikana nitatembea. Nikichelewa kurudi wasome karatasi zao bila mimi.

Nimekuwa nikijiuliza nibebe nini. Pilau, apana. Kitambaa, apana. Nikienda na kitu mkononi nitajificha nyuma ya kitu hicho, najijua. Ataniuliza habari za Idi, ataniuliza habari za kazi, atataka kuwasha moto wa chai, na mimi nitaona afueni na nitaanza kuongea mambo ya mvua.

Kwa hiyo nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanikaribisha. Nitamwambia: bibi, chumba hakikuwa kimejaa.